Majike Wangu Wamekataa Kukonda

Jumatatu, 3 Machi

Nimeanza kuandika kwa sababu hakuna anayenisikiliza. Nyumbani, Mama Watoto husinzia kabla sijafika katikati ya sentensi. Kazini wanaonisikiliza ni panya, nao hula huku naongea.

Mambo yenyewe ni haya. Panya arobaini, wanene mpaka shingo hazionekani. Tuliwanenepesha wenyewe kwa chakula cha mafuta, miezi minne. Ishirini madume, ishirini majike. Kisha Daktari, mama mmoja mwenye vidole vyembamba na maneno machache, akawapasua. Kila upande, kumi aliwaunganisha utumbo upya ili chakula kiruke sehemu ya mwanzo. Kumi wengine aliwapasua akawashona tu, utumbo haukuguswa, wapatikane wa kulinganisha nao. Madume wote wanatunzwa na Bwana Rula. Majike wote nimepewa mimi.

Bwana Rula ni mwenzangu. Jina nimempa mimi. Hapigi mstari daftarini bila rula, hata ule wa kufuta kosa. Tena makosa yenyewe hana. Ana miaka mitatu hapa. Mimi ninayo kumi na mmoja, kila mwaka mkataba mpya, kila Desemba tumbo joto.

Sasa imetoka nafasi moja ya kudumu. Msimamizi wa chumba cha wanyama. Daktari amesema ataandika barua ya mapendekezo jaribio likiisha, akishaona kazi ya kila mmoja wetu. Alisema hivyo akitazama chati ya ukutani. Mstari wa buluu ni uzito wa madume waliounganishwa utumbo. Unateremka tangu siku ya kwanza. Mstari mwekundu ni wa majike wangu, waliofanyiwa vilevile. Wiki mbili uliteremka, nikatembea kifua mbele. Wiki ya tatu umeanza kupanda.

Chati iko kwenye korido. Kila anayekwenda msalani anaiona.

Jumatano, 5 Machi

Siku ya mizani. Jike namba saba ameongeza gramu sita. Huyu nimemwita Mama Mkwe, kwa jinsi anavyonitazama. Nilimpima mara tatu. Nikafuta mizani. Nikambembeleza. Gramu sita zilezile.

Bwana Rula akapita na daftari lake kwapani. Akasema wake wamepungua tena. Akaniuliza, kwa upole, kama majike wangu wanapata usingizi wa kutosha. Upole wake ndio unaonimaliza. Angenicheka ningejua la kufanya.

Daktari naye akaja. Akautazama mstari mwekundu muda mrefu, akasema kwamba inavutia, akaondoka. Naijua sauti hiyo. Mwalimu wangu wa hesabu aliitumia kila alipofungua daftari langu.

Niandike ukweli, maana hapa niko peke yangu. Mwezi uliopita nilimwambia Mama Watoto kwamba nafasi ile ni kama yangu. Yeye neno "kama" hakulisikia, au alilisikia akaamua kulisamehe. Akawapigia simu kaka zake wote wawili. Tangu hapo shemeji mkubwa ananiita Msimamizi, tena mbele za watu, tena kwa heshima. Miaka kumi na mmoja mtu huyu alikuwa ananiita Baba Panya. Nikiikosa nafasi hii sijui nitaweka wapi uso wangu.

Ijumaa, 7 Machi

Nimefikiri siku mbili. Nimegundua tatizo. Madume wako upande wa dirisha, wanapata hewa. Majike wangu wako upande wa ukuta, karibu na mashine ya kupasha joto. Nani atakonda karibu na joto?

Nikamwendea Bwana Rula na hoja nzito, nikiwa nimejiandaa kwa vita. Hakubisha. Akasema tubadilishane rafu, akamwomba Daktari ruhusa, akaandika saa ya kuhama, akanisaidia kubeba. Vizimba arobaini. Mgongo umenikatika. Yeye hakutoka hata jasho.

Jioni nikachungulia. Mama Mkwe alikuwa amekaa mbele ya dirisha, anapigwa na upepo, anakula.

Jumatatu, 10 Machi

Hewa haikusaidia kitu. Mstari mwekundu umepanda tena.

Nimechoka kuwa mtu mwema. Mpango ni huu. Chakula tunaweka saa kumi jioni, gramu ishirini kila kizimba, kwa sababu panya hula giza likiingia. Asubuhi tunapima mabaki. Bwana Rula huondoka saa kumi na nusu, kwa kuwa huingia alfajiri. Mimi hufunga mlango saa kumi na moja na nusu. Katikati hapo nina saa nzima, na katika chumba hatuna shahidi asiye na mkia.

Leo nimetoa gramu nne katika kila kizimba cha majike kumi walioungwa utumbo. Gramu nne tu. Mtu mzima akinyimwa kijiko kimoja hafi. Nimeziweka kwenye mfuko wa koti. Daftarini nitaandika gramu ishirini, kama kawaida.

Mama Mkwe alinitazama muda wote. Nikamwambia ni kwa faida yetu sote. 

Alhamisi, 13 Machi

Majike wameanza kupungua! Dawa imeingia.

Ila hakuna raha isiyo na mkosi kwa mtu kama mimi. Chakula kile kina mafuta. Mfuko wa koti umelowa, una doa ukubwa wa sahani. Mama Watoto aliingiza mkono akitaka kulifua, akatoa vipande vya chakula cha panya. Akaniuliza kama hali yetu imefika huko na mimi nimemficha. Nikasema ni sampuli. Akasema sampuli inanuka.

Kuvitupa kazini siwezi, Bwana Rula hukagua hata ndoo ya taka. Nikakaa nikawaza. Kisha nikapata wazo zuri mpaka nikaogopa kidogo. Madume walioungwa utumbo ni kumi. Majike ninaowapunguzia ni kumi. Gramu nne nazitoa huku, gramu nne naziweka kule. Hakuna kinachopotea chumbani. Wangu wanakonda, wake wananenepa, na koti langu linabaki safi.

Madume hawakuuliza swali. Walikula papo hapo.

Jumamosi, 15 Machi

Nyumbani. Mapumziko hakuna.

Nilisahau kuandika kwamba tangu mwezi uliopita sisi nasi tunapunguza mwili, mimi na Mama Watoto. Wazo langu. Nusu sahani mchana, nusu sahani usiku, sukari mwiko. Leo tulipanda mizani. Mimi nimepungua kilo nne. Mama Watoto, nusu kilo.

Nikamwambia kwa upole kwamba namba hazidanganyi, na kwamba kama kuna kitu anaonja pale jikoni aseme tu, mimi sitagomba. Akanyamaza. Nilidhani ananyamaza kwa aibu. Kumbe anapanga maneno. Akasema sahani zote mbili anazipakua yeye, na yangu huwa imejaa kuliko yake. Akaniuliza mimi nimebeba mimba ngapi. Akasema mwili wake na mwili wangu haijawahi kuwa kitu kimoja hata siku moja, na nikitaka kuhesabu gramu nikahesabu za majike wangu wa kazini, yeye si namba saba.

Namba saba nimemtaja nyumbani mara moja tu. Mwanamke huyu husinzia lakini anasikia.

Basi nimenyamaza. Ila naendelea kuamini kuna kitu anakionja.

Jumanne, 18 Machi

Mistari imekutana! Wa buluu umeacha kuteremka, umeinua kichwa. Mwekundu unashuka kama mtu anayekimbilia miadi. Nilisimama kwenye korido nikijifanya nasoma tangazo la kuzima taa. Wapita njia wanne waliiona chati. Nilihesabu.

Niliposikia hatua za Daktari nikaiweka sura yangu tayari kupongezwa. Akafika. Akatazama. Akavua miwani, akaifuta, akavaa, akatazama tena. Hakusema kwamba inavutia. Aliingia ofisini kwake akafunga mlango polepole.

Bwana Rula ameanza kupima kila kitu mara mbili. Uso umemsawajika. Kidogo nikamwonea huruma. Kisha nikakumbuka ana miaka mitatu tu hapa.

Jumatano, 19 Machi

Daktari ametuita. Amepima sukari ya damu. Ya majike imeshuka mno, mmoja ameyumba kizimbani kama mlevi. Ya madume, iliyokuwa imeshuka vizuri, imepanda. Akasema kazi ya miezi minne inageuka mbele ya macho yake bila sababu. Akauliza kama chakula kimebadilishwa. Bwana Rula akasema hapana. Mimi nikasema huenda ni kiwanda, siku hizi viwanda haviaminiki. Akanitazama.

Kisha akasema anashuku nyuzi zake. Pengine aliposhona palifunguka au palibana. Siku ya Ijumaa atawalaza watatu, awafungue aone. Kufunguliwa huko hakuna kushonwa tena. Akasoma namba. Mbili, saba, na kumi na nne.

Saba.

Nilirudi kwenye rafu nikasimama. Nimewatunza panya miaka kumi na mmoja, najua wanakokwenda wote. Sijawahi kulia, na leo sikulia. Huyu haendi kwa sababu ya sayansi. Anakwenda kwa sababu yangu.

Nikaamua kumwokoa. Akionekana mzima, mnene, mchangamfu, Daktari atamwacha. Jioni nikampa gramu arobaini peke yake.

Alhamisi, 20 Machi

Panya aliyeungwa utumbo hapewi gramu arobaini za mafuta. Hilo nalijua. Liko kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni, na niliibandika mimi.

Asubuhi Mama Mkwe alikuwa anaharisha, amejikunyata kwenye maranda, manyoya yamesimama. Daktari akamwona. Akasema ni kama alivyofikiri, huyu tumbo lake lina shida, ndiye atakayeanza.

Nimebadilisha maranda ya kizimba chake mara tano. Sikuwa na la kufanya jingine. Bwana Rula alikuja akanisaidia bila kuombwa. Akaniambia najali sana wanyama wangu. Ningeweza kufa pale pale.

Ijumaa, 21 Machi

Niandike kwa utaratibu.

Saa mbili asubuhi Daktari alikuwa tayari amevaa glavu. Mama Mkwe yuko mezani, kwenye kisanduku chake. Bwana Rula akaingia na madaftari mawili. Akaomba radhi. Akasema ana jambo la aibu kidogo.

Huyu bwana hupima kinyesi. Hakuna aliyemwambia. Tangu wiki ya kwanza, kila asubuhi, hukusanya kinyesi cha kila dume, anakikausha, anakipima, anaandika. Kwa mistari ya rula. Alisema aliona tu isipotee bure.

Sasa, madume wake kumi, tangu jioni ya tarehe kumi na tatu, wanatoa kingi kuliko zamani na chakula daftarini ni kilekile. Amepiga hesabu mara sita. Panya hatoi asichokula. Kwa hiyo, alisema, kuna chakula kinaingia ambacho yeye hakukiandika, na lazima kosa ni lake, na anaomba kabla ya kumfungua mnyama yeyote Daktari amwonyeshe alikokosea.

Kosa ni lake! Mtu huyu alisimama pale na daftari la mavi akiomba msamaha kwa niaba yangu.

Nilitazama dari. Nikatazama kisanduku. Daktari akachukua sindano ya usingizi, akasema lolote liwalo, hali ya namba saba ni mbaya na atamfungua. Ndipo maneno yakanitoka. Yalitoka yote, bila mpangilio. Gramu nne, mfuko wa koti, madume, arobaini za juzi. Hata habari za shemeji nilizisema, sijui kwa nini.

Daktari akaiweka sindano chini. Nilitamani agombe. Hakugomba. Akamwambia Bwana Rula amrudishe namba saba kizimbani, apewe maji na chakula kidogo kidogo. Kisha akaniambia nimfuate.

Kwenye korido akabandua chati, akaiweka juu ya meza yake. Akaniuliza kama najua jaribio hili lilikuwa linatafuta nini. Nikasema kukonda. Akatikisa kichwa. Akasema lilikuwa linatafuta kama operesheni ileile inaupeleka mwili wa kike na wa kiume mahali pamoja. Akaweka kidole kwenye mstari mwekundu, pale wiki ya tatu ulipoanza kupanda. Akasema uzito ulikuwa unawarudia majike, lakini sukari yao ilibaki chini, nzuri kabisa, sawa na ya madume au hata kuliko. Madume walipona sukari kwa kukonda, majike walikuwa wanapona kwa njia nyingine ambayo hakuwa bado ameielewa. Akasema siku ile alirudi nyumbani akiwa na furaha ambayo hajaipata miaka mingi.

Akasema jibu nililetewa mikononi, nikalisahihisha.

Nilijaribu kusema kwamba nilidhani tunashindanishwa. Akaniuliza nani alisema. Nikatafuta. Hakuna aliyesema.

Jumatatu, 24 Machi

Takwimu zote tangu tarehe kumi zimefutwa. Majike na madume walioungwa wanapumzishwa, halafu wiki mbili zirudiwe tangu mwanzo. Kama uzito hautarudi pale ulipokuwa, kazi yote imekufa. Daktari alisema hivyo bila kunitazama.

Nafasi imekwenda kwa Bwana Rula. Tangazo limebandikwa kwenye korido, mahali palepale pa chati. Ukilitazama kwa karibu, limenyooka sana.

Nilitegemea kufukuzwa. Kumbe Bwana Rula ameniombea. Alimwambia Daktari kwamba najua wanyama kuliko mtu yeyote humu ndani, na kwamba mtu aliyekiri ili kumwokoa panya si wa kutupwa. Kwa hiyo nimebaki, nikiwa chini yake. Nimekula maneno mengi maishani, lakini wema wa mtu huyu haumezeki.

Nyumbani nilimweleza Mama Watoto kila kitu. Hakusinzia. Nilipomaliza akauliza, kwa hiyo walikula sawa, wakapasuliwa sawa, na miili ikafanya tofauti? Nikasema ndiyo. Na wewe ukadhani jike ndiye mwenye makosa? Nikasema ndiyo, kwa kifupi. Akanyanyuka akajipakulia sahani nzima. Akala yote polepole, mbele yangu.

Kwa kaka zake atapiga simu mwenyewe, amesema. Nilishukuru. Nikamsikia toka chumbani akimwambia kaka yake mkubwa kwamba mume wake ni mzima, ni hilo tu analoweza kuripoti.

Jumatano, 9 Aprili

Siku nyingi sijaandika. Nilikuwa najitafakari. Nimetulia, nimekuwa mtu mwingine.

Mama Mkwe amepona. Manyoya yamelala, anakula, ananitazama kama kawaida. Gramu ishirini kamili, wala sijagusa. Bwana Rula sasa ana funguo zote na haringi nazo. Amenipa hata zamu yangu ya jioni, saa kumi na nusu hadi kumi na moja na nusu, kwa kuwa ananiamini. Alisema neno hilo, ananiamini. Nilipokea kwa kichwa chini.

Chati mpya imebandikwa. Leo ilikuwa siku ya mizani. Madume wanateremka, hawana maneno. Majike je? Wamepanda, lakini kidogo mno. Wiki ile Daktari alipofurahi, Mama Mkwe alipanda gramu sita, sasa ni gramu mbili, mwingine moja. Daktari alisimama mbele ya mstari mwekundu, akasema tusubiri, bado ni mapema. Nimemwona usoni amechoka. Jana nilisikia akimwambia mtu kwenye simu kwamba ile tofauti isiporudi hatajua tena aandike nini. Mama wa watu. Na yote ni kwa sababu yangu.

Zamani ningejifikiria mimi. Sasa namfikiria yeye. Hataki majike wakonde, anataka tofauti. Angenieleza hivyo tangu Machi tusingefika hapa.

Jioni hii nimewaongezea majike wangu kumi gramu mbili mbili kila mmoja. Mbili tu, za kuwasukuma. Nimeleta mfuko wa plastiki safari hii, koti lisilowe. Vinyesi nitapunguza kwa mkono asubuhi kabla Bwana Rula hajafika upande wangu, maana sasa anapima na vya majike. Daktari hatajua, wala sitaki shukrani. Wiki ijayo atasimama tena kwenye korido, ataona mstari umepanda vizuri, na atarudi nyumbani kwake na furaha.